Mrija wa Mgeni

Majibu ya maabara yalifika siku ya nane, Alhamisi saa tatu asubuhi, ndani ya bahasha ya kaki iliyolowa pembeni kwa mvua. Inspekta Hamdani aliyasoma akiwa amesimama. Pombe ya ndizi: hakuna sumu. Mtungi: hakuna sumu. Mrija: hakuna sumu. Matapishi ya marehemu: hakuna sumu. Chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa nyanya iliyokutwa jikoni kwa mtuhumiwa ilikuwa na dawa ya nyanya, na dawa hiyo haikuonekana mahali pengine popote.

Akakaa. Kwa siku nane alikuwa amemweka mahabusu mama wa miaka hamsini na kitu, Goreth Ndayikunda, kwa tuhuma ya kumtilia sumu jirani yake, Mzee Leodgar. Nusu ya siku hizo alimweka kwa sababu ya kesi, nusu nyingine kwa sababu ya mawe. Siku ya mazishi, watu wa kitongoji chao, mbele kidogo ya Kidahwe, walivunja mlango wa Goreth kwa mawe na kuahidi kwamba akirudi watamalizia na paa.

Alipeleka karatasi kwa Mkuu wa upelelezi. Mkuu aliisoma, akairudisha mezani kama mtu anayerudisha chenji pungufu.

"Kwa hiyo hana kosa," Hamdani alisema.

"Kwa karatasi hana. Kule wanakuambia sumu ya Mrundi haionekani kwenye mashine. Leo saa kumi wana mkutano wa kitongoji. Wakisema hatakiwi, mimi sina askari wa kumlinda mtu mmoja kila siku."

"Ataenda wapi, mkuu? Aliletwa huku akiwa mkimbizi mgongoni mwa mama yake, mwaka sabini na mbili. Kule wanakotaka arudi hajui hata njia ya kisimani."

"Ndiyo nakuuliza wewe. Mtu hafi bila kitu. Niletee hicho kitu kabla ya saa kumi, kisha tumwachie arudi kwake kama binadamu."

Hamdani alirudi kwenye chumba chake chenye dirisha linalotazama ziwa. Alikuwa mtu wa Ujiji, mzaliwa wa kulekule, na tangu mkewe ahamishiwe kazi Tabora na watoto, miaka miwili sasa, alikuwa akikaa ofisini zaidi ya ilivyohitajika. Nyumbani kulikuwa na sufuria mbili na zote zilikuwa safi. Alifungua kabati la vielelezo, akavitoa na kuviweka mezani.

Ukiacha chupa ile ya dawa, vilikuwa vitatu tu. Mtungi. Mrija. Na kipande cha karatasi ya bati cha vidonge vinane, viwili vikiwa vimetobolewa na havipo. Vidonge hivyo viliokotwa kando ya kigoda alichokalia marehemu, na Hamdani mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri aliojivunia, aliandika kwenye daftari la vielelezo: dawa za mafua.

Aliutazama mrija. Ulikuwa wa plastiki, mweupe, umekatwa kwa wembe kutoka kwenye bomba jembamba. Jikoni kwa Goreth aliikuta mirija mingine kumi na miwili, yote ya matete, rangi ya chai, ikiwa imefungwa kwa kamba. Siku ya kwanza tofauti hiyo ilimfurahisha sana. Mwenye mirija kumi na miwili ya matete, kwa nini ampe mgeni wa plastiki, kama si kwamba huo wa plastiki una jambo lake? Aliupeleka maabara akiwa na hakika kama mtu aliyeshika ng'ombe pembe. Sasa maabara ilimwambia ng'ombe hakuwepo.

Akafungua jalada, akasoma tena maelezo ya shahidi pekee, jirani aitwaye Yunisi:

"Nilipita kwa Goreth saa tisa alasiri kuazima ungo. Mzee Leodgar alikuwa amekaa uani, anangoja pombe. Nilishangaa maana mzee huyo hali wala hanywi kwa watu. Alivuta mara tatu nne. Mara akaanza kujikuna viganja, halafu shingo. Midomo ikavimba, na macho. Akakohoa, sauti ikawa ya kukwaruza kama jogoo mchanga. Akatapika. Akamnyooshea Goreth kidole lakini hakuweza kusema neno. Nikajua ni sumu. Nikapiga yowe, watu wakaja, tukamnywesha maziwa, tukamwinua na kumtembeza ili sumu ishuke. Akatulegea mikononi. Pikipiki ilipofika alikuwa amekwisha kata roho."

Taarifa ya uchunguzi wa maiti ilikuwa na mstari mmoja ambao Hamdani aliupigia alama zamani: koo na njia ya hewa vimevimba sana. Yeye aliamua kwamba ni sumu iliyounguza koo. Aliona aibu kidogo sasa. Aliweka vidonge mfukoni, akachukua funguo za gari.

* * *

Zahanati ya Katubuka ilikuwa na foleni ya akina mama na watoto hadi barazani. Tabibu Shadia alimwona Hamdani dirishani, akamwita kwa kidole, akamwambia muuguzi ashike nafasi kwa dakika kumi. Walisoma pamoja shule ya msingi, kwa hiyo hakuwa na haja ya kumwogopa.

"Umekuja kupima presha, Inspekta, au umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kujifunza kusoma." Akaweka vidonge mezani. "Hizi ni za mafua?"

Shadia aligeuza karatasi ya bati, akasoma herufi ndogo nyuma. "Mwenye mafua anaweza kumeza, sikatai. Lakini hii ni setirizini, dawa ya mzio. Ni ya mtu ambaye mwili wake unakataa kitu fulani. Ya nani?"

Hamdani alimsomea maelezo ya Yunisi, yote, polepole. Shadia aliacha kucheza na kalamu.

"Kutoka kuvuta pombe mpaka kujikuna, dakika ngapi?"

"Anasema alikuwa hajakaa vizuri. Tano, labda."

"Mpaka kuanguka?"

"Ishirini. Ishirini na tano."

"Alitokwa na mate mengi? Jasho? Alinuka dawa?"

"Hapana. Nililiuliza hilo siku ya kwanza, kwa sababu ya chupa ya nyanya."

"Uliuliza vizuri, hukusikiliza vizuri," Shadia alisema. "Mtu aliyekunywa dawa ya wadudu hutokwa mate na jasho, na mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano. Hajikuni. Huyu wako alijikuna, midomo na macho vikavimba, sauti ikabadilika, akakohoa, akatapika, akalegea, na yote yamefuatana ndani ya nusu saa. Ngozi, koo, tumbo, halafu damu ikashuka. Huu ni mzio mkali, Hamdani. Mimi ningeletewa mtu wa namna hiyo hapa mlangoni, nisingeuliza hata jina. Ningemlaza chali, miguu juu, nikamchoma adrenalini kwenye paja."

"Walimwinua wakamtembeza."

Shadia aligeuza uso dirishani. Nje mtoto alikuwa akilia kwa sauti ya mtu mwenye haki yake.

"Presha ikishuka namna hiyo, ukimsimamisha mtu, moyo unabaki hauna damu ya kusukuma. Anaweza kufa kwa kusimamishwa tu. Na hayo maziwa, koo limevimba, yanapita wapi?" Akatikisa kichwa. "Usiwalaumu. Nani amewafundisha? Kila anayevimba na kutapika huku kwetu karogwa au kalishwa. Hata mimi kabla ya chuo ningepiga yowe."

"Utaapa mahakamani?"

"Kwa mtu ambaye sikumwona kwa macho? Hapana. Nitaapa kwamba dalili hizi ndivyo zilivyo. Kitu gani kilimpata, hilo ni lako. Alikula nini?"

"Hakula. Pombe ya ndizi tu, na pombe ya ndizi alikuwa akipika mwenyewe kwake, anakunywa peke yake."

"Basi si ndizi. Tafuta kingine, na tafuta mtu aliyewahi kumwona hivyo zamani. Mzio wa namna hii mara nyingi hupiga hodi kabla ya kuvunja mlango." Akainuka. "Na wewe ule. Umebaki shingo."

* * *

Huko Mwandiga, mpwa wa marehemu, jina lake Samson, alikuwa akiuza mbegu na pembejeo kwenye kibanda kando ya kituo cha mabasi madogo. Hamdani hakumpenda tangu mwanzo. Siku mbili baada ya mazishi Samson alikuwa ameshapeleka mtu kupima kiwanja cha mjomba wake kwa kamba, na kiwanja hicho kilipakana na cha Goreth. Mrithi mwenye haraka na kibanda kilichojaa dawa za wadudu: kwa siku mbili Hamdani alimfuatilia kwa furaha. Lakini siku ya kifo Samson alikuwa msibani Kasulu, akibeba jeneza mbele ya watu wasiopungua arobaini, na sasa sumu yenyewe haikuwepo.

"Umekuja tena, afande," Samson alisema bila kuinuka.

"Nimekuja kwa jambo dogo. Mjomba wako aliwahi kuugua ghafla, akavimba?"

"Mjomba alikuwa na siri zake. Alifanya kazi reli miaka thelathini, Tabora na huku, na katika miaka yote hiyo hakula harusi wala msiba wa mtu. Anakuja na kontena lake la ugali na samaki, anakaa pembeni, anakula peke yake. Sisi watoto tulikuwa tunaambiwa anaogopa kurogwa. Mke alimkimbia kwa sababu hiyo. Mwanamke gani atakaa na mtu anayenusa mboga yake kila siku kabla ya kuimeza?"

"Alinusa?"

"Ananusa, anafunua kwa kijiko, anauliza umeweka nini. Mwisho watu wakaacha kumwalika. Wakasema anajiona."

"Vitu vyake viko wapi?"

Samson alimwonyesha sanduku la bati chini ya meza, kwa sura ya mtu aliyekwisha kuchagua alichokitaka humo. Kulikuwa na shati la reli, redio, kitambulisho cha kustaafu, na daftari la shule lenye jalada la bluu ambalo mzee alilitumia kama daftari la matibabu. Hamdani aliligeuza ukurasa mmoja mmoja. Malaria. Malaria. Jino. Kisha mwaka elfu mbili na tisa, mwandiko wa daktari fulani wa Tabora, safari hii mwandiko unaosomeka: *Mzio mkali wa karanga. Alizimia, akachomwa sindano mbili. Asile karanga hata kidogo wala chakula chochote kilichogusana nazo. Atembee na dawa.*

Chini yake, kwa kalamu ya risasi na mwandiko mwingine, wa mzee mwenyewe: *hata kidogo*. Alikuwa ameyapigia mstari maneno hayo mara mbili.

"Ulilisoma hili?"

"Mambo ya hospitali hayo, afande. Nisome ya nini?"

Hamdani aliufunga ukurasa. Mtu alikaa miaka mingi pembeni ya sherehe za ndugu zake akiwa na sababu iliyoandikwa kwenye daftari la bluu, na hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema. Labda alijaribu wakamcheka. Mtu mzima anaogopa karanga! Karanga ambazo watoto hutembea wakizitafuna njiani. Hamdani alilichukua daftari, akatia sahihi ya kulipokea, akaondoka.

Barabara ya kwenda Kasulu ilikuwa tupu na inang'aa kwa mvua. Njia nzima alikuwa akibishana na kitu kimoja. Mtungi hauna karanga. Mzee anajua kunusa, anajua kuuliza. Hakupewa chakula. Karanga ilipita mlango gani?

* * *

Yunisi alikuwa uani kwake akipepeta maharage. Alipoliona gari la polisi alijifuta mikono haraka. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti, na tangu kifo kile sauti yake ndiyo iliyoongoza kitongoji.

"Mwakeye, afande," alisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama. Nataka twende pale kwa Goreth, unionyeshe ulivyoona. Hatua kwa hatua. Usiniambie ulichojua, niambie ulichoona."

Walivuka shamba dogo la mihogo. Mlango wa Goreth ulikuwa umelala chini, umepasuka katikati. Kuku wawili walitoka ndani kama wenye nyumba. Yunisi hakuutazama mlango.

"Hapa mzee, kwenye kigoda. Pale Goreth, kwenye jiwe. Mtungi katikati."

"Wakati unafika, mzee alikuwa ameshaanza kunywa?"

"Bado. Ndiyo Goreth anautoa mtungi ndani. Mzee akatoa mrija wake mfukoni, ameufunga kwenye kitambaa."

Hamdani aligeuka. "Mrija wake?"

"Wa plastiki. Si nimekuambia mzee yule hashiriki kitu na mtu? Nikacheka moyoni, nikasema hata leo kaja na mrija."

"Kwa hiyo akanywa kwa mrija wake mwenyewe, ambao haujaguswa na mtu."

"Kwanza Goreth akauchukua akavuta yeye, akaufuta, akamrudishia. Ndipo mzee akavuta."

Hamdani alifungua jalada, akapitisha kidole kwenye mistari ya maelezo.

"Mama, hilo la Goreth kuvuta kwanza halimo kwenye maelezo yako."

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza kila kitu kilichotokea!"

"Afande, na hilo nalo ni kitu? Wewe hunywi, ndiyo maana." Alimtazama kwa huruma kidogo, kama anavyotazamwa mtu aliyekulia mjini. "Mwenyeji lazima aonje kwanza. Avute mbele ya macho ya mgeni, mgeni aone hakuna kilichotiwa. Waha hivyo, Warundi hivyo. Usipoonja umemtukana mgeni. Na mgeni akikataa baada ya wewe kuonja, basi amekuita mchawi mbele ya watu. Kuvuta kwa mrija wa mgeni mwenyewe ndiyo heshima zaidi, maana umeonyesha hata mrija ni safi."

"Na mlisema amemwekea sumu, wakati mlijua alionja!"

"Tukasema alikuwa na dawa ya kujikinga," Yunisi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua.

Hamdani alizunguka nyumba. Nyuma, chini ya paa la jikoni, kulikuwa na kinu, na kando ya kinu ardhi ilikuwa imefunikwa na maganda ya karanga, yamelowa na kuoza, debe zima au zaidi.

"Hizi ni za lini?"

"Za siku ileile. Alikuwa anabangua na kukaanga tangu asubuhi, anatafuna huku anafanya kazi. Hata alipotoka na mtungi mdomo ulikuwa unakwenda. Alikuwa na nyingine kafunga kwenye pindo la kitenge, akanipa na mimi."

"Mzee alipita huku nyuma?"

"Mgeni apite jikoni kufanya nini?"

"Alipomnyooshea Goreth kidole. Mkono ulielekea usoni kwake?"

Yunisi alinyoosha mkono wake mwenyewe, akajaribu kukumbuka, akaushusha. Ukabaki ukielekea kiunoni, pale linapokaa pindo la kitenge.

"Fundo lilikuwa limefunguka wakati ananigawia," alisema polepole. "Zilikuwa zinamwagika."

Hamdani alimfungulia daftari la bluu, akamsomea. Alimweleza aliyoambiwa na tabibu: kuwasha, kuvimba, sauti, kikohozi, kutapika, kulegea. Alimweleza kuhusu sindano ya paja, na kuhusu kulazwa chali. Alifika hapo akaona uso wa Yunisi, akatamani angeruka sentensi moja.

"Mimi ndiye niliyemshika mkono wa kulia," Yunisi alisema. "Alikuwa anataka kulala. Anakwenda chini, mimi namvuta juu. Nikamwambia jikaze, mzee, tembea."

"Hukujua."

"Nilipiga kelele kwamba aliyemuua auawe." Akakaa kwenye jiwe ambalo lilikuwa la Goreth. "Afande, nitakwenda mkutanoni. Nitawaambia kuhusu karanga na mrija, wananisikia mimi. Goreth atarudi. Lakini hili la kumtembeza, naomba tuliache hapa."

"Mama, kitongoji hiki kina watoto wangapi?"

Yunisi alijifuta tena mikono.

"Siku mtoto mmoja atakapovimba midomo na kukohoa, mtamwinua mumtembeze. Mimi sitakuandikia cha kusema. Nina haki ya kukuomba tu."

Alimwacha amekaa pale, mikono mapajani. Saa yake ilionyesha saa saba na nusu.

* * *

Mkuu alipolisoma daftari la bluu na kukubali, Hamdani alimtoa Goreth mahabusu mwenyewe, akamketisha kwenye benchi la mapokezi badala ya chumba cha mahojiano. Alikuwa mwembamba kuliko siku ya kwanza, kitenge amekifunga vizuri, nywele amesukwa na mmoja wa wanawake wawili aliokaa nao ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, afande. Umenisalimia leo. Kuna habari."

"Hakuna sumu. Hukumuua mtu kwa sumu, na karatasi ya serikali inasema hivyo. Uko huru."

Goreth alifumba macho, akasema kitu kwa Kirundi, kifupi. Kisha akayafumbua. "Sasa kilimuua nini?"

Hamdani alikuwa amelifikiria swali hilo tangu Kidahwe. Angeweza kusema ugonjwa, basi. Lakini ambacho kingesemwa mkutanoni kingemfikia kesho kwa midomo ya watu, kikiwa kimeongezwa chumvi, na hakutaka akisikie huko. Alimweleza kwa maneno machache: mzee alikuwa na mwili usiopokea karanga, hata kidogo, dalili zake ndizo zile mlizoziona, pombe ilikuwa safi.

Goreth hakuwa mjinga. Alitazama viganja vyake, vyote viwili, kwa zamu.

"Nilikuwa natafuna," alisema.

"Ndiyo."

"Nikavuta. Nikafuta kwa hiki." Akauinua mkono wa kulia. "Mana yanje, Mungu wangu. Alikuwa anautazama mrija, afande. Nilipomrudishia aliutazama. Nikadhani ananitilia mashaka, moyo ukaniuma. Nikamwambia, mzee, si umeona nimeonja? Akasema, nimeona mama, asante. Akavuta."

Goreth aliushusha mkono.

"Miaka minne tumepakana. Kila siku asubuhi anapita uzioni, anauliza, umeamkaje. Yeye tu. Mume wangu amekufa, wengine wakipita wanaangalia barabara. Kila nikipika namwita, njoo ukae, anakataa. Siku ile nikamwita kwa mazoea tu, sikutegemea. Akasema, leo nitakaa kidogo, nimechoka kuongea na redio." Sauti yake haikupanda. "Kama nisingekuwa na adabu, angekuwa hai. Ningempa tu mtungi, shika, kunywa. Kama mshenzi."

"Mama, hukujua. Hakukwambia."

"Angeniambia nini? Nimeshaonja."

Askari wa zamu aliandika jina lake kwenye kitabu cha kutolea, Hamdani akatia sahihi, Goreth akaweka dole gumba, akarudishiwa viatu na kitambaa cha kichwani. Hakuvivaa. Aliviweka pembeni yake kwenye benchi.

"Naomba kuuliza, afande. Leo naweza kulala humu?"

"Humu ndani? Mama, uko huru."

"Nimesikia. Lakini humu tuko watatu. Mmoja anasimulia habari za mumewe mpaka tunacheka. Kule," akaonyesha kwa kidevu upande wa barabara, "aliyekuwa akiniuliza nimeamkaje ni yule mzee tu."

Sheria ina vifungu vingi vya kumweka mtu mahabusu na Hamdani alivijua karibu vyote. Kwa hili hakukuwa na kifungu. Alijua pia kwamba angeweza kumwambia kuwa yeye naye leo anarudi kwenye nyumba yenye sufuria mbili, na kwamba anaelewa, lakini polisi hasemi mambo kama hayo. Akakaa naye tu benchini. Saa kumi ikapita. Watu waliingia kulalamikia baiskeli na mbuzi, wakawasalimia wote wawili kana kwamba ni mama na mwanawe wanaosubiri zamu yao.

Saa kumi na moja simu iliita. Ilikuwa sauti ya Yunisi, imekauka kwa kusema.

"Nimewaambia yote, afande. Na lile nimesema, mwenyewe, nimesimama. Wamekaa kimya. Mwenyekiti ameuliza nani anapinga, hakuna mkono. Mwambie arudi. Vijana wameshaanza kupigilia mlango."

Hamdani alimgeukia Goreth, akamweleza neno kwa neno, hata la mlango.

"Waambie asante," Goreth alisema. "Waambie Mungu awabariki."

Hamdani alichukua funguo, akafungua mlango wa kituo, akausimamia. Nje mvua ilikuwa imekatika na gari lilikuwa tayari. Goreth alivitazama viatu vyake pale benchini, na hakuinuka.